Kitabu Alichotafuna Waziri

Mvua za masika zikianza, Rongai yote hunuka udongo uliotoka kulimwa. Shule yetu ilikuwa na harufu yake zaidi ya hiyo, kwa sababu jengo lenyewe lilikuwa ghala la mahindi la mzungu mwenye shamba, kabla wazazi wetu hawajagawiwa ardhi. Miaka ilikuwa imepita, lakini upepo ukipenya kwenye mabati bado ulileta harufu ya punje kavu, magunia na panya. Mvua ilipiga paa hadi mwalimu akaacha kusema na kutuandikia ubaoni. Mimi niliipenda mvua hiyo, maana katika kelele zile niliweza kuwaza kuhusu kabati bila kusumbuliwa.

Kabati hilo la chuma lilikuwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, Bwana Kirui, na lilijaa vitabu vya hadithi vilivyoletwa na wafadhili. Hakuna mtoto aliyewahi kuvigusa. Bwana Kirui, mtu mrefu na mpole aliyevaa sweta hata kiangazi, alivipenda mno kiasi cha kuvifungia. “Mikono yenu ni matope tupu,” alitwambia. “Nikiwapa hivi vitabu, vitaisha kwa wiki moja.” Kuhusu matope, hakukosea.

Siku moja, nikiwa darasa la sita, nilitumwa chaki. Nilikuta ofisi tupu na ufunguo umeachwa kwenye kabati. Sikufikiri mara mbili. Nilichomoa kitabu kimoja, nikakisokomeza ndani ya sweta, nikarudi darasani na chaki mkononi. Jioni hiyo nilikaa karibu na ua nikichunga ndama wetu, Waziri, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya kitambi chake, nikasoma habari za msichana aliyekuwa akivuka mto uliofurika kumtafuta punda wa baba yake. Maji yalikuwa yamemfika msichana huyo kifuani, Mama aliponiita nianue nguo. Niliporudi, Waziri alikuwa anatafuna taratibu, amefumba macho kwa utamu. Kurasa nne za mwisho zilikuwa zimekwenda.

Mama alikuwa fundi wa nguo sokoni, mtu wa maneno machache. Alinikuta nikilia. “Nyambura, hiki kitabu ni cha nani?” Nilisema nilikiokota njiani. Alikigeuza, akaona muhuri wa shule, akanitazama. “Mficha maradhi kilio humfichua. Jumatatu utakirudisha, na utasema ukweli wote. Lakini hutarudisha kitu nusu.” Nikamwambia sijui hadithi iliishaje. “Basi imalizie,” akasema. “Si wewe ndiye umemwacha mtoto wa watu katikati ya mto?”

Jumamosi nzima niliandika. Nilimtoa msichana majini, nikamfikisha nyumbani, akamkuta punda amefika kitambo na anakula majani ya viazi vya mama yake. Mama alizikata karatasi zangu zilingane na kitabu, akazishona kwa uzi mwekundu, maana mweusi ulikuwa umekwisha.

Jumatatu nilimrudishia Bwana Kirui kitabu, nikakiri nilivyokichukua. Alizisoma karatasi za mwisho akiwa amesimama, nami nikingoja kiboko. “Nani amesema punda alikuwa nyumbani?”

“Ni mimi, mwalimu.”

“Na kitabu chenyewe kilisemaje?”

“Sijui, mwalimu. Ndama alikula kabla sijafika hapo. Labda wewe unajua.”

Alilitazama kabati, akanitazama, kisha akacheka hadi akaketi. “Hata mimi sijui, mtoto wangu. Sijawahi kukisoma.” Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alikuwa amekilinda kitanda miaka yote bila yeyote kukilalia. Akanipa adhabu yangu: kila Ijumaa, saa ya chakula, nifungue kabati na kuandika nani amechukua nini. Mlangoni aliweka ndoo ya maji na sabuni. Ijumaa ya kwanza foleni ilifika kwenye mlingoti wa bendera, na wengi walikuwa wakipigania kile cha uzi mwekundu. Sikula siku hiyo, na sikusikia njaa.

Leo mimi ni mkutubi wa shule moja ya msingi kule Kiamunyi. Nina rafu za mbao, mkeka wa kukalia, madirisha makubwa, na kompyuta inayokumbuka kila jina. Watoto huniamkia “Niaje, madam!” na kuingia wakikimbia. Sisi tulisoma watatu kwa kitabu kimoja, mwenye mikono safi ndiye aliyefunua kurasa; hawa kila mmoja ana chake. Nawafurahia, tena nawaonea wivu kidogo. Ila asiyewahi kunyimwa kitu huweza kukipita bila kukitazama, na hapo ndipo kazi yangu ilipo. Kitabu kikirudi kilivyotoka, bila hata alama ya kidole, mimi humwita mtoto kando na kumuuliza kwa upole kilimkosea nini.