Nilimwaga Oili ya Trekta, Lawama Nikamwachia Mdogo Wangu

Nimekosa, na kosa lenyewe si la bahati mbaya. Nilisema uongo mbele ya mama yangu mzazi, mchana kweupe, na aliyebeba mzigo ni mdogo wangu. Sijamweleza padri wala jirani. Nakueleza wewe usiyenijua, maana humu ndani naishi peke yangu na kuta hazijibu.

Mimi ni mkulima wa huku Ufipa, upande wa Chala. Ni mgane, watoto wangu wameshajitegemea mikoa ya mbali. Marehemu baba alituachia trekta kuukuu, likawa la mama, na sisi wanawe wawili tukagawana kazi: mdogo wangu dereva, mimi fundi. Ufundi sikuusomea darasani. Niliujua kwa kufungua na kufunga, na nilikuwa najisikia sana.

Trekta lilikuwa linavuja nyuma pande zote mbili, pale ekseli inapotokea kwenda kwenye tairi. Sili zilikuwa zimechoka. Sili ni pete ya mpira tu, inaikumbatia ekseli ili oili ibaki ndani. Mdogo wangu alinikumbusha mara nyingi, "Kaka, zile sili." Nikawa namjibu zingoje kidogo, na kila wiki naongeza oili, kazi ya mvivu.

Parokia yetu hubariki mbegu na zana za kilimo kabla ya mvua za kwanza. Wenye ng'ombe huleta plau, wenye majembe huleta majembe, sisi tulipeleka trekta. Mwaka mmoja lilisimama uwanjani Misa nzima, na tulipotoka lilikuwa limeacha dimbwi jeusi kwenye saruji mpya mbele ya mlango. Katekista akapaza sauti, "Jamani, trekta la fundi limekojoa kanisani!" Watu wakacheka, hadi padri akacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Moyoni niliapa haitatokea tena.

Mtu mwenye akili angenunua sili. Nilikuwa na mwaka mzima, na maduka ya spea Sumbawanga mjini yapo. Sikwenda. Ilipofika Jumamosi ya kuamkia baraka ya mwaka uliofuata, niliingia chini ya trekta na spana, nikafungua vizibo vya chini pande zote mbili, nikaimwaga oili yote kwenye dumu. Trekta lisilo na oili litavuja nini? Nilijiambia kwenda parokiani na kurudi taratibu, chuma kitavumilia, nikifika nyumbani naijaza. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Mdogo wangu akanikuta najifuta mikono. Baba alituachia sheria kwamba anayekalia kiti cha trekta ndiye anayepima oili kwanza. Akainama apime.

"Usijisumbue," nikamwambia. "Nimeshamaliza. Oili iko sawa."

"Haya kaka," akasema, akaenda zake. Aliniamini.

Jumapili trekta lilisimama kavu kabisa. Katekista alichungulia chini yake, akaja kunipa mkono. Nikavimba kichwa, nikabaki parokiani kula na wenzangu wa kwaya. Nikasahau jambo ambalo nalijua tangu utoto. Mama hakukubali chombo kilichobarikiwa kilale kabla ya kuonja udongo. Kila mwaka tukitoka Misa lazima shamba lake lifunguliwe, japo kidogo, hata kama ni Jumapili. Na plau ilikuwa imefungwa nyuma ya trekta tayari. Mdogo wangu hakupitia nyumbani, alikwenda moja kwa moja shambani kwa mama.

Jirani alinifuata kwa baiskeli. "Njoo uone, trekta lenu linalia kama mashine inasaga mawe."

Nilipofika lilikuwa limekwama katikati ya shamba, na harufu ya chuma kilichoungua imetanda. Gia za upande wa kushoto zilikuwa zimesagika. Mama amekaa juu ya tuta, mikono kichwani kama aliyefiwa.

"Hukupima oili?" alikuwa anamwuliza mdogo wangu.

"Kaka aliniambia iko sawa, mama."

Mama akanigeukia. "Ulimwambia?"

Majirani walikuwa wamejaa, na katekista yumo. Nilijua nikisema ndiyo, swali la pili litakuwa oili imekwenda wapi, na mimi ndiye fundi. Nikasema, "Hapana, mama. Yeye ndiye dereva, kupima ni kazi yake."

Mdogo wangu hakubisha. Aliniangalia, akachomoa ufunguo akamkabidhi mama kwa mikono miwili.

"Umeliua trekta la baba yako," mama akamwambia. "Usiliguse tena."

Kabla ya mavuno alikuwa amehamia Msanzi na mkewe na watoto, anaendelea na kilimo kwenye ardhi ya wakwe zake. Unajua mwenyewe mwanaume anavyosemwa akihamia ukweni. Nilisikia wanavyomsema na nikala ugali wangu kimya.

Nilipata gia kwenye trekta bovu, na safari hii nikanunua sili. Ile kazi inataka watu wawili. Mmoja anaivuta ekseli, mwingine anaipokea isije ikaanguka. Mimi niliifunga kwa kamba kwenye boriti ya banda. Mara mbili nilinyoosha mkono nyuma nikasema "nipe spana," na hapakuwa na mtu. Sili za zamani zilitoka zimekauka kama ganda la kibuyu. Nikaisugua ekseli kwa msasa laini, nikapaka oili ukingo wa sili mpya, nikaigonga polepole kwa kipande cha mbao, upande wenye springi ukitazama ndani. Pande zote mbili zilinichukua siku mbili. Siku mbili tu! Asubuhi yake nikainama chini ya trekta, pamekauka, hakuna hata tone. Nikakaa juu ya tairi nikalia, kwa sababu sikuwa na wa kumwonyesha.

Mwaka jana mama aliugua, akawa haamki kitandani. Akaomba aitiwe mwanawe wa Msanzi. Mdogo wangu alifika siku ile ile, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama akaushika mkono wake.

"Mwanangu, lile la trekta nimekusamehe. Sina kinyongo na wewe."

Tulikuwa tumekaa pande mbili za kitanda. Mdogo wangu akaninyanyulia macho, akanisubiri. Nakwambia kweli alinisubiri, kwa muda wa kutosha mtu kusema sala ya Baba Yetu. Mimi nikatazama blanketi. Ndipo akasema taratibu, "Asante, mama."

Msamaha ule ulikuwa wangu mimi, na aliupokea yeye ambaye hakuwa na kosa. Siku ya tatu mama akafariki. Tulipomaliza matanga mdogo wangu akaaga kama mgeni, akarudi kwake.

Nilimpigia simu nikaungama kila kitu, kuanzia dumu la oili. Nyuma yake nilisikia kuku wa kwao.

"Kaka," akasema, "mimi nilishakusamehe kule kule shambani. Nilichokuwa nataka ni mama ajue."

Siku hizi nikimpigia anapokea kwa adabu. Shikamoo kaka, hatujambo, watoto wazima. Kisha anaaga. Trekta naliendesha mwenyewe, na nikirudi jioni napakua ugali sahani moja.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu anabeba kosa lako, usiende kumwomba radhi pembeni ukadhani umemaliza. Nenda kwa yule aliyemhukumu, mwambie ukweli angali anasikia. Mimi nilikuwa najiambia mama akipata nafuu nitasema. Mama hakupata nafuu.