Upinde Uliotoka kwenye Robota

Fundi viatu wa mtaani kwangu hupaka uzi wake nta ya nyuki kabla ya kushona, na kila nikipita pale ile harufu hunisisimua mwili. Wenzangu nta huwakumbusha asali. Mimi hunirudisha Kinyala, nyuma ya nyumba yetu, nikiwa binti mdogo anayeogopa vitu viwili: ngedere, na upinde wa baba.

Nianze na ngedere. Shamba letu la mahindi lilipakana na msitu, na kulilinda ilikuwa kazi yangu. Ukungu ukishuka nilikuwa sioni kitu, nasikia tu mabua yakivunjika. Siku moja dume moja kubwa lilinirukia, likanichana gauni pamoja na bega. Nililia mpaka sauti ikakauka. Baba aliliosha lile bega kwa maji ya chumvi bila kusema neno, nami nikadhani amekasirika kwa sababu ya mahindi.

Siku zile biashara zilikuwa zimefunguliwa, na soko la Tukuyu lilijaa mitumba. Baba, aliyepunguzwa kazi kwenye shirika la umma, alikuwa ameanza kuuza makoti. Alipofungua robota jipya alikuta, katikati ya makoti, mfuko mrefu wenye upinde wa kizungu uliotenganishwa vipande vitatu: mpini wa mbao iliyong'arishwa, na mabapa mawili membamba ya kufunga juu na chini yake kwa skrubu. Kamba ilikuwemo, na mishale kadhaa.

"Atupele," akaniambia, macho yakimng'aa, "ngedere wako wamekwisha."

Aliniketisha kwenye kigoda mbele yake nimshikie mpini. Skrubu ziliingia bila ubishi. Kilichomshinda ni kamba. Baba alikuwa amechunga ng'ombe utotoni na kupinda fito nyingi, basi alipoona mabapa yale yamejikunja tayari, aliufuata mkunjo wake, akafunga kamba upande huohuo. Kamba ikalegea. Akaisokota ifupike. Akavuta kidogo, ikachomoka kwenye ncha. Akaipaka nta, akapiga fundo, akakaza skrubu kwa koleo, akavuta tena. Kila alipovuta, bapa la chini lilijinyonga upande, na ndani yake kitu kikalia: tik.

Mama alichungulia kutoka jikoni. "Baba Atupele, hicho kitu kinalalamika. Kiache."

"Kinanizoea tu," baba akajibu.

Nilitaka kusema naogopa, lakini upinde ule ulikuwa unafungwa kwa ajili yangu. Tena kulikuwa na jambo lililoniuma: kila akitaka kuvuta, baba alinifukuza. Nenda kaniletee maji. Nenda kaangalie kama kuku wameingia jikoni. Nikileta maji, hayanywi. Nikaamini anaona haya mimi nimwone akishindwa na kijiti cha wazungu.

Mwishoe akasimama, akaikunjua mikono yake. "Kaniletee nta kwa mama yako. Haraka fijo, haraka sana!"

Nilikuwa mlangoni mwa jiko niliposikia mlio, kama mwanzi unaopasuka motoni. Hata kuku walinyamaza. Nilipaswa kukimbilia kule, lakini nilishika mwimo wa mlango nikimwona baba, kichwani mwangu, amelala chali hana macho. Mama ndiye aliyenipita akikimbia, mikono imejaa unga, akimwita kwa jina lake la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Nikamfuata kwa nyuma nikiwa nimefumba macho nusu.

Alikuwa hai. Alikuwa amekaa chini, shavu limechanika, damu ikitiririka hadi kwenye kola. Kipande cha bapa kilikuwa kimesimama wima, kimezama kwenye kigoda changu. Baba hakuwa akiugusa uso wake. Alikuwa akikitazama kile kigoda, na midomo ilikuwa inamcheza.

Jioni mama alipolifua lile shati alitoa mfukoni bonge la nta. "Tazama baba yako," akasema, "nta anayo mwenyewe, anawasumbua watu." Nilicheka sana. Nilihitaji kucheka. Tangu siku ile sikutumwa tena shambani peke yangu. Baba alikwenda mwenyewe alfajiri na debe bovu, akiligonga mpaka jirani wakalalamika.

Ukubwani, kwenye uwanja mmoja wa michezo, nilimwona dada mmoja akifunga upinde wa aina ile. Aliyapinda mabapa kinyume na mkunjo wake. Ndipo nikajua tulikuwa tumeukunja kinyumenyume, na kila tik ilikuwa ni ufa. Lakini hata hapo sikumwelewa baba.

Nilimwelewa majuzi tu. Jiko la gesi lilikuwa linavuja, nami nataka kulijaribu, mwanangu amesimama ubavuni pangu. Nikamwambia akaangalie kama nguo zimekauka. Akanijibu, "Mama, leo hatujafua." Nikamkaripia aende hivyohivyo, na katika ukali ule nikaisikia sauti ya baba yangu.

Baba alizisikia tik zote. Aliogopa kuliko mimi. Na nta ilikuwa mfukoni mwake siku nzima.