Mwanasesere Aliyetoka Jasho

Katika chumba chetu kidogo cha makumbusho mjini Lindi, kazi yangu ni kuzuia vitu visiharibike. Vinyago na mitungi havikuwahi kunisumbua. Aliyenitoa kamasi ni mwanasesere wa plastiki, aliyeletwa na bibi mmoja wa Kitomanga. Bibi huyo alinunuliwa na baba yake utotoni, naye akatukabidhi kwa machozi kama anayemwoza binti.

Nilimfungia mwanasesere kwenye sanduku la kioo karibu na dirisha, nikajiona fundi. Baada ya miezi michache akaanza kutoka jasho. Uso ulimeta, ukawa unanata. Mlinzi wetu alimgusa shavu, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

"Hapo pana jini," alisema. "Plastiki gani inayolia?"

Kesho yake watu wakaja mpaka kutoka Mitwero, wengine wakimsomea dua kupitia kioo. Hatujawahi kupata wageni wengi namna ile. Mimi kwa aibu nikachukua pamba na spiriti, nikamsugua. Jasho likaondoka. Nyusi ya kushoto nayo ikaondoka.

Nikampigia simu mtaalamu mmoja Dar es Salaam. Akanieleza kwamba plastiki laini huchanganywa na mafuta, na ikizeeka mafuta hujipenyeza nje, hasa penye joto.

"Umemfungia kwenye kioo, juani?" akauliza. "Dada, umempika! Mtoe apate hewa, akae penye baridi. Na spiriti usimguse nayo tena."

Kabla sijamhamisha, bibi mwenyewe akatokea. Habari zilikuwa zimefika Kitomanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kamnyoa mwanangu?"

Nikakiri. Akafungua pochi, akatoa wanja. Nikamdaka mkono, nikimsihi kwamba wanja nao una mafuta.

"Kwa hiyo atakaa na nyusi moja?"

"Atakaa, bibi. Tutaandika kwenye kibao kuwa kosa ni langu."

Hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Akataka maandishi yawe makubwa.

Mahali pekee penye kiyoyozi ni ofisi ya mkuu wetu. Mkuu alikataa katakata. Bibi akampita, akamsimamisha mwanasesere juu ya kabati la mafaili, akamwonya mkuu asipandishe sauti mbele ya mtoto.

Jasho limepungua sana. Ila mkuu analalamika kwamba siku hizi hawezi kusinzia mchana, maana kuna mtu anamwangalia.