Libérata na Picha Iliyosimama

Huku Gisenyi, anayekaa karibu na mpaka simu yake huvuka kwenda Goma kabla yake. Uko jikoni, uko Rwanda. Unasogea dirishani, simu inakukaribisha Kongo. Ndiyo maana jirani yangu Libérata alikuwa na kadi mbili za simu kwa modemu moja, kadi ya kwetu na ya ng'ambo. Modemu yenyewe ni kijiti cha kuchomeka ubavuni mwa laptopu. Ukitia kadi ndani yake, laptopu inaingia intaneti. Mtandao ukilegea, Libérata alichomoa kile kijiti, akakipuliza, akabadilisha kadi, akachomeka tena. Alikuwa na ofisi yake ndogo ya kuchapia watu barua na kutoa fotokopi, na wateja walimwita daktari wa modemu.

Dawa yake ilikuwa moja tu. Picha ikisimama kwenye kioo, usingoje. "Réseau haibembelezwi," alikuwa akisema, réseau yaani mtandao. Nami niliyegawana naye ukuta miaka yote hii nasema wazi kwamba hata watu hakuwabembeleza. Roho yake nzuri, lakini ulimi hutangulia mbele, roho inafuata nyuma ikihema.

Ulimi huohuo ndio uliomtenga na dada yake. Yeye na Cansilde walizaliwa Goma, wakarudi Rwanda na mama yao, wasichana wakubwa tayari. Kisha Cansilde akaolewa, akaenda Kanada. Mama yao alipofariki tukamzika kule Nyundo, na Cansilde hakuja. Siku ya kumaliza matanga, mbele ya wageni na mapadri, Libérata alisimama akasema, "Mama alizaa mutoto mumoja tu." Maneno kama hayo hayahitaji modemu. Yalifika Kanada kabla hatujamaliza kuosha sahani, na dada hao hawakusemezana tena kwa miaka.

Halafu Belise, binti wa Cansilde, akaandika kwamba mama yake anaumwa sana na anataka kumwona mdogo wake. Wakapanga Jumapili alasiri, kule Kanada ikiwa asubuhi. Wiki nzima Libérata hakuwa na raha. Alikuja kwangu akikariri maneno yake kama mtoto wa komunyo ya kwanza: "Yaya, unisamehe, kinywa yangu ilikosa." Yaya ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa. Nilimwambia aanze nayo hayo, asizunguke. Akaapa kwamba ataanza nayo.

Jumapili ile alivaa vizuri, akaifunga modemu kwa utepe kwenye nondo za dirisha, waya mrefu ukishuka hadi kwenye laptopu. Mimi nilikaa pembeni kwenye benchi. Cansilde akatokea. Alikuwa amekonda, kichwani kitambaa, kitini ameegeshwa kwa mito, lakini alitabasamu, na Libérata naye akatabasamu, na yale maneno ya wiki nzima yakamkimbia. Alianza kuuliza habari za baridi. Akasimulia bei ya viazi sokoni Mahoko, na nani amezaa, na nani amehama. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akanisukuma.

Hata walicheka. Walikumbuka Goma, walivyokuwa wakipanda juu ya ukuta asubuhi mvua ikikatika, kuangalia mlima Karisimbi umevaa kofia yake nyeupe. Walikuwa wakigombana namna ule weupe unavyofika kule juu. Libérata alisema unamwagika kwa kishindo kama mvua ya mawe. Cansilde akasema hapana, unakuja polepole, kimya.

Kisha Cansilde akasema, "Libé, angalia."

Akanyamaza. Uso wake ukatulia, macho yametukazia, wala mdomo haukucheza. Sauti hakuna. Nyuma yake kwenye kioo zikajaa chenga, nyeupe, tele, za mtandao mbovu. Ndivyo tulivyoona, hata mimi. Libérata aliita mara moja, yaya, yaya, na kabla sijainuka mkono ulikuwa umeshafika dirishani. Alichomoa modemu, akaipuliza, akatia kadi ya ng'ambo.

Mtandao ulirudi vizuri kabisa. Cansilde hakuwepo. Libérata alipiga, akapiga, jioni ikaingia, hakuna aliyepokea. Mwanzoni aliogopa kwamba mgonjwa amezidiwa. Lakini Belise akaandika kifupi kwamba mama anapumzika, na hapo woga ukageuka hasira. Aliniambia dada yake amemfungia mlango makusudi, alimwita ili amwoneshe kwamba hajasamehe. Nilimsihi apige tena kesho yake. Akasema yeye ni mdogo, ameshabisha hodi ya kutosha, sasa mkubwa ndiye afungue.

Mkubwa hakufungua. Belise ndiye aliyepiga, majuma machache baadaye, kwa sauti tu bila picha, kusema kwamba mama yake amefariki. Libérata alilia mpaka nikamshika. Kisha, kwa kuwa ulimi ni ulimi, aliuliza katikati ya machozi kwa nini mama yake alimkatia siku ile. Belise akamjibu.

"Mama mudogo, ni we ulimukatia. Ye hakukata."

Libérata akamweleza: picha ilisimama, zikaja chenga.

"Haikukuwa réseau. Ilikuwa neige, ilikuwa inaanguka nyuma yake. Aliniomba nimuweke karibu na dirisha ili uione vile inaanguka. Akasema atatulia, asikuzibie. Ulipopiga tena, ni mimi sikupokea, alikuwa analia. Ile siku yote alikuwa anasema tu, Libé hajanisamehe."

Theluji. Sisi tumeona weupe wa Karisimbi kwa mbali, umeshafika, umeshatulia. Hatujawahi kuuona ukianguka. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini huyu mjukuu wa Libérata hakui wala haondoki. Kinachomla ni kwamba Cansilde ndiye aliyekuwa amesema kweli: unakuja polepole, kimya. Libérata alikuwa ameuona mbele ya macho yake, akauchomoa.

Ofisi bado iko, na modemu ile ile. Lakini ule udaktari umekwisha. Juzi, mimi nikiwa pale, mteja mmoja, Habineza, alikuwa akiongea na mkewe aliye Kinshasa, picha ikasimama. Akamwambia Libérata achomoe basi, bando linaisha.

"Tungoje," Libérata akasema. "Pengine bado yuko pale."

Tulingoja wote watatu, tukimtazama yule mwanamke asiyepepesa. Mtandao ulikuwa umekwama kweli. Habineza alianza kunung'unika. Libérata alikuwa ameinama karibu na kioo, akitafuta nyuma ya yule mwanamke kama kuna kitu kinachoanguka.