Upinde wa Chaga za Mama

Gerejini walimbatiza Kioo, maana gari likitoka mikononi mwake unaweza kuchokonoa meno ukijitazama mlangoni. Fundi rangi wa msasa laini, kisha msasa laini zaidi. Akiona mkwaruzo, hali, halali. Sasa tangu wamzike mama yake, Kioo amekuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi, halafu daktari akaenda zake kula. Msibani hakutoa chozi. Alipanga viti, akapokea watu, akarudi kazini kupiga rangi pikapu ya mtu. Wenzake wakamtania, wakanyamaza, wakamtania tena waone kama atajibu. Wapi.

Kitu pekee kilichomshika ni video za jamaa mmoja mtandaoni, anayegandisha vipande vyembamba vya mbao, tabaka juu ya tabaka, mpaka vinakuwa upinde. Kwa nini upinde? Usimwulize. Huyu hajawahi kulenga hata kopo. Ila akitazama, alijikuta anataka kujua kinachofuata. Kwa hali yake, hiyo ilikuwa habari kubwa.

Siku dada yake mkubwa, fundi viatu, alipokuja kusafisha chumba cha mama, kitanda kilishakuwa karamu ya mchwa. Zilizopona ni chaga tatu tu, mbao ngumu ya zamani. Kioo akaziomba. Dada akauliza za nini, akaambiwa, akajikalia sakafuni.

“Mdogo wangu, mama kabaki hizi tu. Ukizivunja, usije kwangu na hadithi.”

“Sitazivunja.”

“Unasema kama mtu anayeagiza chai.”

Hata hilo halikumgusa. Seremala wa jirani alizipasua nyembamba, huku akiuliza kama siku hizi magari yanawindwa. Kioo akachonga kalibu ya ubao mnene wenye mkunjo, akaivisha nailoni ili upinde usigandie humo. Kisha akafanya alichokifanya maisha yake yote: akasugua. Akasugua mpaka mbao zikateleza kama sabuni iliyolowa. Akapaka gundi, akabana kila kitu kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, akaacha vikauke.

Dada akaja kushuhudia uani. Kioo akafunga ugwe, akavuta kidogo, akaongeza. Upinde ukalia kama plasta inayobanduliwa kwenye nywele, tabaka zikaachana kutoka ncha hadi mshikio.

Dada akafumba macho. Kioo akasimama na zile mbao zilizoachana mkononi, akijisubiri. Alidhani sasa kitakuja, hasira au kilio au chochote kile. Hakikuja. Aliwaza tu kwamba ua unahitaji kufagiwa.

Dada ndiye aliyeinama. Akageuza vipande kimoja kimoja, akavipitishia kidole gumba. Hakuna kilichovunjika. Gundi ndiyo iliyobanduka, nzima nzima, kama utando wa maziwa.

“Nani kasugua hivi?”

“Mimi.”

“Hapa hata mjusi anateleza, gundi ingeshika wapi? Sisi soli tunaikwaruza kwanza, we mtu wa ajabu.”

Akatoa tupa yake ya kukwaruzia soli kwenye mkoba, akamnyooshea. Kioo akaitazama. Mkono wake haukwenda.

“Siwezi kuzikwaruza,” akasema. “Ni za mama.”

Dada hakucheka. Tangu mazishi, mdogo wake hakuwa amekataa kitu; ukimwambia kula, anakula, ukimwambia ondoka, anaondoka. Akaweka kipande gotini, akaanza mwenyewe, kwa nguvu kidogo makusudi. Kioo akavumilia, akavumilia, akamwambia apunguze, anaumiza mbao. Dada akasema basi shika mwenyewe, usinifundishe. Akashika. Wakakwaruza wote wawili mpaka vumbi likawajaa mapajani, wakagandisha upya, wakabana.

Safari ya pili Kioo alivuta hadi kidevuni. Upinde ukakunjika, ukanyamaza, ukashika. Dada akaangaza huku na huku, akauliza mshale uko wapi. Hakukuwa na mshale. Kusema kweli, fundi wetu hakuwahi kuufikiria.

“Basi rudisha taratibu,” dada akasema. “Mkono unakutetemeka.”

“Najua,” Kioo akajibu, bado amevuta. “Nausikia.”