Msumeno wa Fundi Gershom

Gershom Nguma alikuwa seremala pale Magogoni, kando ya barabara ya Kisauni. Kazi alijifunza misheni akiwa kijana, akaoa, akajenga nyumba ya makuti, na tangu hapo riziki yake ilikuwa milango, vitanda na masanduku ya maharusi. Alipasua mbao kwa mkono na kupiga randa kwa mkono, mbele ya nyumba yake mwenyewe. Jael, mkewe, hukaa barazani akisuka ukili, na kazi zao zikaenda pamoja na mazungumzo yao. Majirani walikuwa wakishangaa watu walioishi pamoja miaka yote hiyo wanapata wapi la kuambiana.

Vita vilipofika, jeshi lilipiga kambi upande wa Nyali likatafuta maseremala. Gershom akaandikwa. Huko ndiko alikouona msumeno wa umeme kwa mara ya kwanza: meza nzito ya chuma, jino la duara limechomoza katikati, na kitufe cha kuuwashia ubavuni. Gogo la mvule ambalo yeye na mwenzake wangelitolea jasho tangu asubuhi hadi adhuhuri, msumeno ule uliligawa mtu hajamaliza kuvuta sigara yake. Alipewa yeye kuuendesha. Aliusafisha kila jioni, akautia mafuta, na wenzake wakawa wanamtania kwamba ameoa mke wa pili.

Mwaka ule vita vilipokaribia kwisha, Jael alijifungua mtoto asiyelia. Mtoto walimzika, na mama mtu hakusimama tena, miguu ilikataa. Binti yao Kaviha alikuwa ameshaolewa Malindi, kwa hiyo mchana kutwa aliyemtazama mgonjwa ni jirani, Bi Mwanasaumu, mwanamke mwenye moyo lakini mwenye nyumba yake na wanawe. Gershom alimwacha mkewe mkekani alfajiri akamkuta papo hapo jioni.

"Siku imekuwaje?" humuuliza.

"Imekuwa ndefu, baba Kaviha," hujibu Jael, kisha akageuza maneno akauliza habari za kambini.

Neno hilo la ndefu lilimkaa Gershom moyoni. Kila akienda kazini alikwenda nalo.

Vita vikaisha, kambi ikavunjwa, na vitu vya jeshi vikauzwa. Matajiri wa mjini walinunua magari, mabati na mahema. Msumeno haukupata mtu. Bei ikashushwa, ikashushwa tena, na bado ukabaki pale bandani. Hapo Gershom akaona mlango umefunguka: na msumeno ule nyumbani kwake, angefanya kazi ya watu wanne bila kuiacha baraza yake. Aliuza minazi aliyorithi kwa babake huko Utange.

Ngowa, nduguye Jael, alijaribu kumzuia. "Mlamu wangu, kama kitu ni kizuri hivyo, mbona matajiri wamekipita?"

"Wao hawakijui. Mimi nakijua."

Na kweli aliujua msumeno ule, lakini kama mtu anavyomjua mwenzake wa kazini ambaye hajafika kwake hata siku moja. Kitufe alikibonyeza maelfu ya mara. Nyaya zilizokuja kwa nyuma, zikapita chini ya sakafu hadi kwenye nguzo, hazikuwa kazi yake wala hakuwahi kuziuliza.

Mahamali waliuleta kwa mkokoteni, wakiimba na kutukanana njia nzima. Gershom alimbeba Jael hadi barazani apate kuuona. Jael alinyoosha mkono akagusa ile meza ya chuma iliyopata moto wa jua.

"Ndio huu?"

"Ndio huu. Sasa nitakaa hapa mpaka unichoke."

Jael alicheka, na Bi Mwanasaumu alisema baadaye kwamba hakumsikia akicheka vile tangu msiba wa mtoto.

Palikuwa na taa za umeme katika duka la Yeslam, hatua chache barabarani, na Yeslam alikwishakubali waya uvutwe kutoka kwake. Aliyeitwa kuuvuta ni Nicanor, fundi wa umeme wa reli. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akafungua kifuniko cha mota, akachungulia, akaenda dukani kutazama, akarudi akachuchumaa.

"Bwana Gershom, ulipoununua huu, kuna aliyekwambia habari za fezi?"

"Fezi ndiyo nini?"

"Umeme wa Yeslam ni wa taa. Unakuja kwa njia moja. Mota hii inataka umeme wa fezi tatu, njia tatu kwa pamoja, kama ule wa kambini. Ukiifunga kwenye waya wa taa itanguruma tu bila kuzunguka, halafu iungue."

"Basi na tulete huo wa njia tatu."

"Uliishia kambini. Kambi ilipovunjwa nyaya zilikunjwa, nguzo zikang'olewa. Sasa uko mjini kisiwani, na bandarini."

"Na mota nyingine?"

"Ya nguvu hii, ya njia moja? Haipatikani, baba. Labda Ulaya, na meli bado zina shida zake."

Gershom alikirudisha kifuniko cha mota mahali pake. Jael, aliyekuwa akisikiliza barazani, ndiye aliyemkaribisha Nicanor chai.

Gershom alikwenda kwenye ofisi ya umeme mjini. Karani alimsikiliza kwa adabu, akamwambia umeme wa njia tatu utaletwa Magogoni siku wateja watakapokuwa wengi. Wateja gani, hakusema. Injini ya mafuta ingemgharimu kuliko msumeno wenyewe. Masika yakaingia. Aliufunika msumeno kwa turubai, lakini hewa ya chumvi haizuiwi kwa turubai, na kila akiufunua alikuta kutu mpya. Minazi ilikwisha kwenda. Mbao za kupasua kwa mkono zilimpa chakula, si dawa za mgonjwa.

Habari zilimfikia Bwana Obeid, mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa na ghala kisiwani. Alikuja mwenyewe, akauzunguka msumeno, akamwamkia Jael kwa heshima.

"Fundi Gershom, wallahi mimi sitaki kukudhulumu. Ghalani kwangu umeme huo upo. Ulete msumeno wako, ufanye kazi kwangu, mapato tugawane. Siku umeme ukifika huku, utauchukua."

Gershom alisema atafikiri. Usiku wa kufikiri haukuwapo, maana mgeni alipotoka tu Jael alisema, "Nenda."

"Nilinunua kitu hiki nisiende."

"Najua. Nenda."

Basi msumeno ukarudishwa mkokotenini, safari hii ukavushwa daraja la Nyali, na Gershom akawa mtu wa kwenda mbali zaidi kuliko siku za kambi. Kazi ilikuwa nyingi. Mji ulikuwa unajengwa. Dawa zilinunuliwa, hata kitanda cha mgonjwa kikapata godoro. Alirudi jioni masikio yakimvuma, na Jael alipomsemesha ilibidi arudie mara mbili. Siku nyingine Jael hakurudia.

Siku aliyozidiwa Jael ilikuwa Alhamisi, asubuhi. Bi Mwanasaumu alimtuma Ngowa kwa baiskeli. Ngowa alipofika ghalani alimwona Gershom ameinamia mbao, vumbi limemfunika hadi kope. Akamwita. Msumeno ulikuwa ukilia, hakusikia. Akamwita tena kwa sauti yote. Akasogea amshike bega, akaogopa, maana mikono yake ilikuwa karibu na jino. Akasimama akingoja mbao ile iishe. Iliyofuata ilikuwa tayari imeshikwa. Ni mchukuzi mmoja wa ghala aliyezunguka nyuma akazima umeme.

Walipofika Magogoni wanawake walikuwa wamejaa uani. Bi Mwanasaumu alitoka kuwapokea, ameshika kanga mdomoni.

"Aliniita?" Gershom aliuliza.

Yule mama alitamani kusema uongo, lakini alikuwa amemjua Gershom miaka mingi mno.

"Alikuita, fundi. Mara ya mwisho alisema, 'Hanisikii.' Kisha akatulia."

Walimzika Jael kesho yake, kando ya mtoto wake. Gershom hakurudi ghalani. Bwana Obeid alikuja kumhani, na baada ya siku za matanga akaununua msumeno kwa bei ya haki. Ukafanya kazi kwake miaka mingi, na mbao zake zilisifiwa mji mzima. Watu wa Magogoni walimshauri Gershom aende kwa bintiye Malindi. Hakwenda. Alirudia milango na vitanda vyake mbele ya nyumba, polepole, kwa mkono. Wateja waliofika pale waliizoea tabia yake: katikati ya kazi angeinua randa kutoka kwenye ubao, akatega sikio upande wa baraza, kisha akaendelea.