Simu ya Kumpelekea Mjukuu Jina

Mama alinunua simu jinsi wanaume wa Kitshanga wanavyonunua ng'ombe. Pesa nilitoa mimi, lakini kazi ya kununua ilikuwa yake. Aliizunguka meza ya muuzaji, akaiinua ile simu, akaipima uzito kiganjani, akapitisha ukucha juu ya ufa uliokuwa kwenye kona ya kioo, kisha akainusa. Hakuridhika. Aliniambia nitembee nayo mpaka kwenye mlango wa duka la chumvi na kurudi, huku nikiwasha na kuzima taa yake, ili aone kama haichechemei.

Muuzaji alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu wa misa ya kila asubuhi, na rozari yake ilining'inia juu ya betri alizokuwa akiuza. Alimtazama Mama kwa subira ya mtu ambaye amekwisha kuuza vitu kwa watu wagumu kuliko yeye.

"Papa, hii simu inatoka wapi?"

"Ulaya, Mama. Ilitumikishwa na muzungu moja, muntu mupole sana."

"Na huyo mupole aliiacha sababu ya nini?"

"Alipata ingine."

"Basi huyo haiko mupole. Iko tajiri."

Tuliinunua. Mimi nilikuwa na sababu zangu za siri. Nilikuwa na hadithi nyingi kichwani, zimebanana kama abiria juu ya lori la ndizi, nikaota kwamba nitaziandika humo ndani kwa kidole gumba. Lakini Mama hakwenda sokoni kwa ajili ya hadithi zangu. Alikwenda kwa ajili ya mtoto aliyekuwa hana jina.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Mubi, kule kwenye barabara ya msitu upande wa Walikale, katika ukoo wa wakulima na wawindaji. Alikuwa amejifungua binti, mtoto wake wa kwanza. Na katika nyumba yetu, mtoto wa kwanza wa binti hupewa jina na mama wa huyo binti. Hulisema kwa mdomo wake, sikioni mwa mtoto, na kabla ya mtoto hakuna mtu anayeruhusiwa kulisikia. Baada yake hulisikia mama yake mzazi, kisha dunia nzima, kutoka kwao wawili. Ndivyo dada yangu alivyopewa lake.

Wakati wa amani Mama angepanda lori, angefika na kuku chini ya kwapa, angeyamaliza. Lakini miaka ile barabara ilikuwa imekufa. Kati yetu na Mubi kulikuwa na bunduki nyingi kuliko magari, na sisi wenyewe tulikuwa tumekimbia kutoka Muheto, tukikaa Kitshanga kwenye ua wa watu wema. Halafu ikaja habari kwamba padri, ambaye kule Mubi huonekana mara chache, amefika kubatiza. Kama jina la Mama lisingetangulia, babamkwe wa dada yangu angetoa lake. Alikuwa ametangaza kwamba mtoto ataitwa kwa jina la mto wao.

"Mujukuu wangu haiko maji," Mama alisema, na asubuhi hiyo hiyo tukaenda sokoni.

Mtu atauliza kwa nini hatukwenda kwa wale wanaopigisha watu simu kwa malipo barabarani. Niliuliza hivyo hivyo. Mama alinijibu kwamba jina halipitishwi kwenye mdomo wa kuazima.

Shida ilianza hapo hapo mezani. Mubi ilibaki na rezo moja tu iliyokuwa hai, yaani mtandao mmoja wa simu, na ukipiga kutoka mtandao mwingine, sauti ya mashine inakuambia kwamba mwenzako hapatikani. Tulikuwa na puce ya mtandao huo, ile kadi ndogo yenye namba, Mama ameifunga kwenye pindo la kitenge. Nilipoiingiza, simu iliikataa. Kioo kiliandika kwamba inataka kode, yaani namba ya siri ya kuifungua.

"Iko imefungwa," muuzaji alisema, kama mtu anayetangaza hali ya hewa. "Kule Ulaya rezo inafunga simu yake. Ni kama ndoa. Inakubali bwana moja tu."

Mama aliweka mikono kiunoni. "Basi umetuuzia muke ya muntu."

"Muke mwenye alishatoroka, Mama. Inabakia tu talaka."

"Weye wa rozari njo unasema talaka?"

"Ya simu. Hiyo padri haikataze."

Watu waliokuwa karibu walicheka, na Mama akakubali kucheka kidogo, upande mmoja wa mdomo. Muuzaji akatuelekeza kwa fundi mmoja, mwanamke kijana aliyekuwa na kibanda cha kuchaji simu karibu na kituo cha pikipiki.

Fundi alipokea simu yetu bila kutusalimu sana. Aliandika namba fulani, simu ikataja namba yake ya kuzaliwa, ile ya kiwandani, naye akaituma kwa mwenzake wa Goma ambaye angerudisha kode. Tukakaa kwenye ubao kungoja. Ng'ombe walipita wakielekea mnadani, wakubwa, wenye macho ya watu waliozoea kuheshimiwa. Mvua ndogo ilianza, ikaghairi. Mama alinunua mahindi ya kuchoma, akampa fundi la kwanza, na kutoka hapo fundi akaanza kuongea.

"Dada, kuna kitu minataka mujue," aliniambia. "Muntu mwingine alishajaribu kuifungua hii simu. Makosa yote iliruhusu, alishayakula. Inabakia mara moja tu. Tukikosea, haitafunguka tena. Itakuwa kama kipande ya sabuni."

"Sabuni inasafisha," Mama alisema. "Hii itakuwa bure kabisa."

Kode ilipofika, nilisogea nisome. Fundi alinigeuzia mgongo, akafunika kioo kwa kiganja, akaanza kubonyeza tarakimu moja moja, midomo ikicheza bila sauti. Nilikasirika kidogo. Mama alifurahi.

"Huyu anajua kazi," alininong'oneza. "Kitu ya siri inasemwa kwa mwenyewe tu."

Simu ikafikiri. Kwenye kioo kulikuwa na kiduara kinachozunguka, na waendesha pikipiki watatu waliokuwa wakitaniana nyuma yetu wakainama juu ya bega la fundi kama watu wanaotazama kisimani. Kisha vijiti vya mtandao vikasimama, kimoja kwanza, halafu cha pili, vimekonda lakini vimesimama. Mmoja wa wale waendeshaji, ambao Mama alikuwa amewasimulia ile ndoa ya simu, alisema, "Ameachika," na kituo kizima kikapiga makofi.

Vijiti viwili havitoshi kwa maongezi. Mtandao huo ulipatikana vizuri juu ya kilima kilicho nyuma ya soko, penye mikaratusi, na huko tukapanda. Tulikuta watu wengi, kila mmoja ameinua mkono juu akitafuta upepo wa sauti, wengine wamepanda juu ya mawe. Walikuwa wakipiga Mubi, wakipiga Goma, wakiwatafuta watoto, wadeni, wachumba. Tulipata nafasi kando ya mama mmoja mwenye kapu la viazi.

Nilipiga. Dada yangu akapokea, na sauti yake ikatoka kwa nguvu hata mama wa viazi akageuka. Nyuma yake mtoto alikuwa analia.

"Alo? Alo? Nani?"

"Ni siye," nilisema. "Mama iko hapa."

"Alo? Sisikie kitu."

Nilisema tena. Nikasema kwa sauti ya kuhutubia. Hapo ndipo akasikia, kwa mbali, kama mtu aliye chini ya blanketi. Ile simu ilikuwa na masikio mazima na koo bovu. Ambacho hatukukiangalia mezani ni hicho.

"Nilimuangalia meno," Mama alisema polepole. "Koo, hapana."

Kabla hatujajua la kufanya, sauti nzito ikachukua simu upande wa pili. Alikuwa babamkwe.

"Mukwe wangu, habari ya huko? Padri iko hapa, anaandika majina sasa hivi. Kama jina yako inatembea kwa miguu, sisi tuko na yetu karibu. Hata kutoka hapa ninaiona, inapita chini ya daraja."

Mama aliichukua simu kwa mikono miwili, akajaza kifua hewa. "Papa, ambia mto ingoje," alipiga kelele, na kilima kizima kikasikia.

Kilima kizima kikasikia. Niliona usoni mwake kwamba amelitambua jambo hilo wakati ule ule kama mimi. Ili jina lifike Mubi, ingebidi alipige kelele, na akilipiga kelele, watu wa mikaratusi wangelijua kabla ya mtoto. Kuondoka hawakuweza. Kila mmoja alikuwa ameshika uzi wake wa mtandao, na akiuacha haurudi.

Mama alisimama juu ya jiwe. Aliwaeleza, kwa maneno machache, mtoto aliyekuwa Mubi, padri, koo la simu. Akawaomba waimbe.

"Tuimbe nini, Mama?" mtu aliuliza.

"Kila kitu munajua. Lakini kwa nguvu."

Wakatoliki wakaanzisha wimbo wa ubatizo. Waprotestanti wakaona wasiachwe nyuma, wakaanzisha wao, wa haraka zaidi. Wauza viazi wakapiga nyimbo za mavuno. Haikuwa muziki. Ilikuwa fujo nzuri, na ndege walitoka kwenye miti. Mama alichuchumaa, akaagiza kwa kelele simu iwekwe sikioni mwa mtoto, akajifunika kitenge kichwani yeye na simu, na nikaona mgongo wake ukitikisika kila alipopaza sauti. Mimi nilikuwa naimba na wote wawili, Wakatoliki na Waprotestanti, na machozi ya kicheko yalikuwa yananitoka. Hata nilipotega sikio, sikuambulia herufi moja.

Alipofunua kitenge, alinyoosha mkono na kilima kikatulia. Kwenye simu hapakuwa na kilio tena.

"Amenyamaza," ilisema sauti nzito, safari hii bila majivuno. "Mumemwambia nini?"

Dada yangu alikuwa anacheka na kulia. "Alisikia yeye kwanza, Mama, kisha miye. Padri anaandika."

"Basi mto itangoja mwingine," babamkwe alisema, akaguna, na mtandao ukakatika.

Watu walimzunguka Mama wakimpa mikono. Mama wa viazi alimwekea viwili kwenye kitenge. "Tumeimba mupaka tumekauka, Mama. Anaitwa nani?"

"Mumuulize mwenyewe. Akijua kusema, atawaambia."

Tulishuka kilima, mimi nimeshika simu mfukoni, bado ina joto. Nilingoja mpaka tumewapita watu.

"Hata miye, Mama? Miye nilinunua simu."

"Njo vile," alikubali. "Ulinunua simu, haiko jina."